Mlango Uliojiziba Ukazidisha

Nina shamba. Majirani wote wanayajua matuta yake, mimi mwenyewe nalitazama kwa kuazima. Ukishindwa nipe mji. Lakini sidhani utashindwa, maana jibu umelibeba hapo ulipo. Ni uso.

Shamba la fundi huyu lilivamiwa mapema. Chunusi zilimwingia wakati sauti yake inaanza kukwaruza, zikakaa miaka, na zilipoondoka hazikuondoka mikono mitupu. Kwenye mashavu ziliacha mashimo. Mengine membamba, kama yaliyotobolewa kwa msumari mdogo. Mengine mapana. Mengine si mashimo hasa bali mawimbi, kama bati lililokanyagwa na mtu aliyekuwa na haraka. Watoto wa mtaa walimwita Sega la Asali. Alicheka nao siku hiyo, kisha akaacha kupita njia ile.

Alipokua alijifunza kunyoosha bodi za magari. Wala hakuna aliyeona ajabu kwamba mwenye mashimo usoni ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote wa kuondoa mashimo kwenye mabati. Fundi wa bodi hatazami mlango uliobonyea kwa mwanga wa mbele, kwa sababu mwanga wa mbele ni mnafiki, unamsifu kila mtu. Anachuchumaa, anaweka taa ubavuni, anaacha kivuli kimwambie ukweli. Fundi huyu aliujua ukweli huo vizuri mno. Hata benchi la kukalia alilichagua pale ambapo mwanga ulimjia kutoka mbele.

Na barakoa haikumtoka. Ile ya kuzuia vumbi la puti ya kuzibia mabati na harufu ya rangi, wenzake waliivaa kazini na kuivua kazi ikisimama. Yeye aliivaa akifika na kuivua akiondoka. Wakati wa chai aliinyanyua kidogo kwa chini, akapiga funda, akaishusha.

"Barakoa," mpiga rangi humwambia, "hiyo chai unainywa au unaichuja?"

"Naichuja. Wewe endelea kumeza majani."

Jina likabaki hilo, Barakoa. Mpaka wateja wakawa wanaliuliza wakifika.

Mwenye gereji alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miguu iliyochoka na macho yasiyochoka. Kila mtu alimwita Mama Gereji. Asubuhi moja alimkuta fundi chini ya bampa, akamgonga kisigino kwa kiatu.

"Toka huko. Nina neno."

Fundi akatoka.

"Mwisho wa mwezi ujao nafungua tawi kule barabarani. Nataka wewe ndiye ukae mbele. Nyundo umeishika vya kutosha."

"Mbele wapi, mama?"

"Mbele mbele. Mteja akiingia akukute wewe, si ukuta. Umweleze gari lake linataka nini na litarudi vipi. Mshahara nao utasogea mbele, usiogope."

Fundi aliomba muda wa kufikiri.

"Fikiri," Mama Gereji akasema. "Ila usifikiri mpaka nikapata mwingine."

Jioni ileile fundi alipitia kwenye hilo tawi, akijifanya anatafuta duka la vipuri. Chumba kilikuwa kizuri, meza mpya, sakafu ya vigae. Lakini upande mmoja wote, kutoka chini hadi juu, ulikuwa kioo, na upande huo ndio wa machweo. Jua lilikuwa linaingia limelala ubavu. Kila kitu mle ndani kilikuwa na kivuli chake: mguu wa meza, kichwa cha skrubu, mkwaruzo wa fagio. Fundi alisimama mlangoni, akakitazama kile kiti ambacho kingekuwa chake. Akageuka akaenda zake.

Kazi hiyo aliitaka. Hili lieleweke tangu sasa. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu, kwa sababu alikuwa amechoka kulala chali chini ya magari, na alijua akikataa, fursa kama hiyo haipigi hodi mara mbili kwa mtu aliyejifunika. Lakini kukaa ndani ya kioo kile na uso ule, hapana. Kesho yake akamwambia Mama Gereji ndiyo, akijiambia kwamba ana mpaka mwisho wa mwezi ujao kuunyoosha.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mwalimu hawezi kulifanya, wala muuza nguo, wala mchinjaji. Ni fundi wa bodi tu. Jumapili, watu wa nyumbani wakiwa wametoka, alikwenda bombani nyuma ya nyumba na kipande cha msasa wa maji, ule laini wa mwisho kabisa, unaopitishwa juu ya gari kabla ya rangi. Aliuloweka kwanza, kama inavyotakiwa. Akatia povu kidogo la sabuni, kama inavyotakiwa. Akaanza pembeni mwa taya la kulia, mkono mwepesi, kwa mizunguko midogo, akipandisha.

Kazi aliifanya kwa utaratibu wote. Shida ni kwamba mlango wa gari hauna damu.

Aliacha maji yalipobadilika rangi. Kwa siku kadhaa barakoa ilimsitiri, sasa hata nyumbani. Kidonda kilipopona kiliacha doa jeusi kuliko mashimo yenyewe, na kwenye kona ya taya pakaota kitu kigumu, kinang'aa, kama punje ya mahindi. Kikawa kinakua polepole bila kumwomba mtu ruhusa.

"Wembe," aliwaambia waliomuuliza.

Nyumbani aliishi na mama yake mkubwa, dada wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Huyu mama mkubwa alikuwa na kipuli. Si cha dhahabu wala cha shaba. Alipotobolewa masikio akiwa msichana, sikio la kulia lilikubali na la kushoto likakataa. Tundu likaziba, nyama ikaendelea, mpaka ikawa kifundo cha ukubwa wa kunde kilichoning'inia kwenye ndewe. Yeye mwenyewe ndiye aliyekibatiza.

"Wengine wananunua vipuli," alikuwa akisema, "mimi changu kimeota."

Akakitungia na kitendawili. Watoto wa nyumba ile walikua nacho, kila siku ya kuchambua maharage walitegewa: *Mlango ulitobolewa, ukajiziba, ukazidisha.* Nao hujibu kwa sauti moja: *Kipuli cha mama mkubwa!* Kisha wanaruhusiwa kukigusa. Katika nyumba hiyo hapakuwa na mtu aliyekiita jina jingine.

Ni mama mkubwa aliyemsukuma kwenda kwa daktari wa ngozi. Aliliona lile doa siku fundi alipovua barakoa kula.

"Mwanangu, huo si wembe wala si shoka. Nenda ukaonekane."

"Nitakwenda."

"'Nitakwenda' ni mji wa wavivu. Nenda kesho."

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na sauti ya mtu aliyezoea kurudia maneno. Hakuanza na maswali. Alizima taa ya juu, akashika taa ndogo ya mkononi, akaiweka ubavuni mwa shavu.

Fundi akashtuka. "Hata sisi tunafanya hivyo."

"Nyinyi akina nani?"

"Sisi wa bodi. Mlango ukiumulika kwa mbele unakudanganya. Sharti uumulike ubavuni."

"Basi leo mlango ni wewe. Tulia."

Akapitisha taa shavu moja, akapitisha la pili. Alikuwa anaibana ngozi kwa vidole viwili na kuiachia.

"Una makovu ya namna tatu, kaka. Haya membamba yana kina, kama tundu la sindano. Haya mapana yana kingo, kama beseni. Na haya mawimbi, nikivuta ngozi hivi yanapotea, si unaona kwenye kioo? Chini yake kuna nyuzi zimeishika ngozi, zinaivuta kwa ndani. Haya madoa meusi ni rangi tu. Yenyewe yataondoka ukiyakinga na jua na usipoyachokoza."

"Kwa hiyo kila moja na dawa yake?"

"Kila moja na dawa yake. Tundu jembamba tunalidondoshea tone la asidi kali ndani kabisa, lijijenge kuanzia chini. Mawimbi tunapitisha sindano chini ya ngozi, tunakata zile nyuzi, ngozi inanyanyuka."

"Mnalitoa kwa ndani," fundi akasema. Alikuwa amesahau kuona haya. "Hata sisi mbonyeo hatuugongi kwa nje."

"Haswa. Kuna kifaa cha sindano ndogondogo, kinaichokoza ngozi ijitengeneze yenyewe. Kuna mashine ya mwanga, inaunguza kwa kipimo. Halafu kuna kujaza."

"Puti!"

"Haya, puti. Lakini ya kwetu baada ya miezi inayeyuka."

"Puti inayeyuka? Dokta, mteja wangu angenirudia na rungu."

Daktari akacheka, akawasha taa ya juu. Fundi akageuza uso upande wa ukuta, kwa mazoea.

"Ipi ni ya haraka?" akauliza.

"Ya haraka hakuna. Kuna ya nguvu."

"Hiyo hiyo ya nguvu."

"Mashine ya mwanga. Lakini mtu kama wewe kwa kawaida naanza na kipande kidogo kilichojificha, halafu nangoja miezi nione ngozi inasemaje."

"Miezi sina, dokta. Kuna kazi nimepewa, ya kukaa mbele ya watu. Nisipoupata uso mwezi huu, naikosa."

Daktari alivuta kiti karibu. Kisha akaweka kidole kwenye ile punje ya taya.

"Na hiki?"

"Wembe."

"Wembe huo ulikuwa na bidii." Akakibonyeza. "Nisikilize vizuri. Ngozi yetu sisi weusi ikichokozwa inaweka doa kwanza, ndipo inauliza nani amenichokoza. Hilo tunalimudu. Ninaloliogopa ni jingine. Kuna ngozi ukiitoboa inajiziba, halafu inazidisha. Haijui pa kuachia. Ngozi ya namna hiyo nikiipiga mashine uso mzima, nitakuondolea mashimo nikuachie vilima. Na vilima ni kazi kuliko mashimo. Sasa niambie: katika ukoo wenu, kuna mtu mwenye kovu kama hilo? Kovu lililovimba, likakua hata likapita kidonda chenyewe?"

Fundi alifikiri kwa dhati. Alimpitia babu na kovu lake la panga kwenye ugoko: lilikuwa bapa. Akampitia mjomba aliyeunguzwa na pasi: bapa. Akapita kwa binamu, kwa mama yake alivyosimuliwa, kwa nafsi yake. Aliyapekua makovu ya ukoo mzima kama mtu anayetafuta shilingi kwenye mifuko ya makoti ya zamani.

"Hapana," akasema. "Hakuna."

Kuhusu wembe alidanganya. Kuhusu ukoo hakudanganya. Aliulizwa kovu, na kwao kovu ni kitu kinachofichwa ndani ya nguo na kuhadithiwa kwa kunong'ona. Kilichoning'inia hadharani kikichekewa kila siku hakikuwa kovu.

"Sawa," daktari akasema, ingawa macho yake yalibaki kwenye ile taya. "Njoo Alhamisi. Tutaanza na shavu moja, nguvu ya chini."

Fundi alitoka pale akitembea kama gari lililotoka kupigwa rangi.

Mama mkubwa alikuwa uani, miguu ameinyoosha, ungo wa maharage mapajani.

"Enhe, kasemaje daktari wako?"

Fundi aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akaeleza yote: taa ya ubavuni, tone la asidi, nyuzi za chini ya ngozi, puti inayoyeyuka. Mama mkubwa aliipenda ile puti, akataka kuisikia tena.

"Alhamisi napigwa mashine. Alikuwa anaogopa kidogo. Anasema kuna ngozi ukiitoboa inajiziba, halafu inazidisha."

Mama mkubwa hakuinua macho. "Mlango ulitobolewa, ukajiziba, ukazidisha," akasema, kama mtu anayemalizia wimbo ulioanzwa na mwenzake.

"Kipuli cha mama mkubwa," fundi akajibu. Mdomo ulijibu wenyewe, kama zamani.

Maharage yakaacha kulia kwenye ungo.

"Alikuuliza kama kuna mwenye hiyo ngozi?" mama mkubwa akasema.

"Aliuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia hakuna."

"Hakuna! Na hiki nilichoning'iniza tangu usichana wangu ni nini, kengele?"

"Aliuliza kovu, mama mkubwa."

"Ndiyo."

"Hicho ni kipuli."

Wote wawili walilisikia neno lile lilivyotua. Mama mkubwa alikishika kile kifundo kwa vidole viwili, akakizungusha taratibu.

"Basi ni kovu," akasema. Alilisema kwa uangalifu, kama anayejaribu kiatu cha mwenzake. Kisha akamtazama fundi kwenye taya. "Na hicho chako? Usiniletee habari za wembe, mimi si wa jana."

Fundi akatazama chini. "Msasa."

"Msasa upi?"

"Wa gari. Lakini ule laini, mama mkubwa. Wa maji. Wa mwisho kabisa."

"Aa, kumbe ulijionea huruma!"

Akacheka mpaka maharage mengine yakamwagika, na fundi akacheka naye, akiyaokota moja moja.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," mama mkubwa akasema. "Wewe umeficha ya kwako, na ya kwangu umeyaficha bila kujua. Ukimwambia itakuwaje?"

"Mashine hatanipiga."

"Na ile kazi ya kwenye kioo?"

Fundi aliokota harage la mwisho, akalirudisha kwenye ungo. Mama mkubwa hakurudia swali. Akarudi kwenye ungo, akatoa jiwe, akalitupa.

Angeweza kunyamaza. Daktari asingejua, mpaka ingekuwa imechelewa. Kipuli kilikuwa nyumbani, hakitembei hospitali. Na mtu mwenye kiu ya kitu ana wakili ndani yake asiyelala: huyu alimwambia fundi kwamba punje ya taya ni moja tu, kwamba sikio si shavu, kwamba nguvu yenyewe ni ya chini, na kwamba mama mkubwa alitobolewa kwa mwiba, si kwa mashine.

Siku iliyofuata aliletewa gari dogo jeupe, rangi ya ubavuni imevimba malengelenge. Mwenyewe alisema lilinyooshwa mahali fulani mwaka uliopita, likatoka linameremeta. Fundi alichokonoa lengelenge moja kwa bisibisi. Puti ikatoka kipande kizima, nene kama biskuti, na chini yake kutu ilikuwa imekula bati mpaka upande wa pili ukaonekana. Aliyelitengeneza aliiona kutu hiyo, haiwezekani hakuiona. Aliifunika tu kwa sababu mteja alikuwa na haraka.

"Bwana Barakoa," mpiga rangi akasema akichungulia, "huyu aliyefanya hivi ni fundi au ni mpishi wa keki?"

Fundi hakucheka. Alikaa na kile kipande cha puti mkononi kwa muda, akikigeuzageuza.

Alhamisi alikwenda. Hakwenda peke yake. Mama mkubwa alijifunga kitambaa kizuri kichwani, akakisogeza nyuma ya sikio la kushoto makusudi.

"Shikamoo, mama," daktari akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwa shahidi." Akageuza kichwa. "Huyu alikwambia hakuna. Haya, mtazame Hakuna mwenyewe."

Daktari alikisogelea kifundo, akakitazama, akamtazama fundi.

"Dokta, nyumbani hatukiiti kovu," fundi akasema. "Kina jina lake. Sikukumbuka. Na hiki cha taya hakikuwa wembe. Ni msasa."

"Msasa wa nini?"

"Wa bodi."

Daktari alivua miwani. Akakaa nayo mkononi, halafu akaivaa tena, labda aone vizuri anayezungumza naye.

"Ulianzia hapa ukaishia wapi?"

"Niliishia palepale. Damu ilinikataza."

"Ishukuru damu. Ungeendelea kupandisha, leo ungekuwa na shavu zima la vipuli."

"Kwa hiyo mashine…"

"Mashine basi. Uso mzima, kwa mkono wangu, hutaipata."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amelijua jibu tangu uani, lakini kujua na kuambiwa ni ndugu wasiofanana.

Daktari alieleza njia iliyobaki, na haikuwa na mng'aro. Ile punje ya taya ataichoma sindano ya kuituliza, tena na tena kwa majuma, mpaka isinyae. Usiku apake krimu kidogo sana, na siku za kwanza ngozi itachubuka na kuwasha, asiogope. Kila asubuhi krimu ya kuzuia jua, hata kukiwa na mawingu. Zile krimu za mtaani za kujichubua asizikaribie. Halafu, taya ikishatulia, atakata nyuzi chini ya wimbi moja tu, dogo, karibu na sikio, wangoje miezi. Ngozi ikinyamaza, watakwenda kwenye jingine. Ikizidisha, wataacha.

"Na changu?" mama mkubwa akauliza.

"Chako, mama, nacho tunaweza kukichoma sindano kikanywea. Kinawasha?"

"Mvua ikikaribia tu. Kiache. Tumezoeana. Kikiondoka nitatega nini?"

Daktari alimgeukia fundi, akavaa glavu. Fundi alikuwa na swali, na alilimeza mara kadhaa kabla ya kulitoa.

"Yote hayo yakiisha, dokta. Uso utakuwa kama mpya?"

"Wewe mteja akikuuliza hivyo, unamjibuje?"

Fundi akatazama mezani. Sindano ilikuwa imeshaandaliwa.

"Namwambia mlango utanyooka, utapendeza. Ila jioni, jua likiwa ubavuni, mwenye jicho ataona."

"Basi umeshajijibu. Kaza meno, hii inauma."

Iliuma.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Gereji na plasta kwenye taya na barakoa juu ya plasta. Alimkuta kwenye kijiofisi, anakunywa chai, miguu ameiweka juu ya tairi kuukuu.

"Mama, ile kazi ya mbele mpe mwingine."

Mama Gereji akashusha kikombe. "Kimezidi?"

"Nini?"

"Kifua."

"Kifua gani?"

"Si kifua chako! Pumu, sijui nini. Watu wote hapa wanavua, wewe huvui hata ukinywa chai. Nikasema huyu mtoto vumbi linamuua, anaona haya kusema. Ndiyo maana nataka kukutoa huku nyuma kabla hujanifia mikononi."

Fundi alisimama pale, mikono imelegea. Miaka yote aliyokuwa anaficha uso, mbele ya mwanamke huyu alikuwa amefanikiwa kabisa. Hakuwa ameuona.

"Mama, kifua changu ni kizima."

"Kizima?"

"Kizima kama ngoma."

"Na zile barakoa nzuri nilizokuwa nakununulia kwa siri, naziweka kwenye droo yako?"

"Nilidhani kila mtu anawekewa."

"Ee Mola wangu." Akaitoa miguu kwenye tairi. "Kama huumwi, sasa kwa nini hutaki kazi?"

Njia ya kurudi nyuma haikuwepo. Fundi akaivua barakoa. Mwanga wa mlangoni ulikuwa ubavuni mwake, na hakusogea.

"Uso," akasema. "Nilidhani utanyooka kabla hujafungua. Haunyooki. Utachukua mwaka, labda zaidi, na hata ukiisha hautakuwa mpya. Sikutaka uniweke kwenye kioo halafu ujute."

Mama Gereji alimtazama kwa muda wa mtu kusoma bango la barabarani. Kisha akanyanyua kikombe.

"Hiyo plasta inatoka lini?"

"Jioni."

"Basi Jumatatu usichelewe. Na hiyo barakoa iache hukuhuku. Kule hakuna vumbi."

"Mama, umenisikia lakini?"

"Nimekusikia. Chai inapoa."

Tawi likafunguliwa. Asubuhi watu walipita tu, wakachungulia, wakaendelea na safari zao. Mchana fundi alifuta meza isiyokuwa na vumbi. Alikuwa amepaka krimu yake ya jua, imemwachia weupe kidogo kwenye nyusi, na mkono wake ulikuwa unapanda kwenye kidevu kila mara kutafuta kitu kisichokuwepo.

Jua lilipoanza kulala upande wa kioo, mteja wa kwanza akaingia. Alikuwa mama kijana, funguo mkononi, hasira bado ya moto.

"Mtu kanigonga mlango sokoni akakimbia. Njoo uone."

Fundi alitoka naye, akachuchumaa, akauona. Wakarudi ndani. Wakasimama upande huu na upande huu wa meza, na jua likamkaa fundi kwenye shavu la kulia, lote.

"Mtaurudisha uwe kama mpya?" yule mama akauliza.

"Hautakuwa mpya, dada. Utanyooka, utafunga bila kelele, na rangi itashika. Lakini saa kama hizi, jua likiwa ubavuni, ukiutazama sana utapaona palipogongwa."

Mteja akageuka akatazama gari lake kupitia kioo. Kisha akamtazama fundi. Aliinamisha kichwa kidogo, kama wanavyofanya mafundi, kukitafuta kivuli. Akakipata. Macho yake yakapita kwenye mashimo, yakashuka mpaka kwenye ile punje ya taya.

Fundi hakugeuka.

"Ni wewe mwenyewe utakayeunyoosha?"

"Mimi mwenyewe."

Mteja akauweka ufunguo juu ya meza.